Somo: Mkaa mbadala wa chenga, kwa vikundi vinavyoanza

Swali la kwanza la vikundi vingi huwa ni mashine ya kushindilia mkaa inauzwa bei gani. La pili ni gugumaji, ule mmea unaoelea: Ziwa Victoria limejaa, tena bure, kwa nini tusilichome? Yote mawili tutayafikia. Ila somo linaanzia kwingine kabisa, kwenye sakafu za wauza mkaa.

Hapa jijini Mwanza, nenda Igoma, Buhongwa au Mabatini, ingia sehemu yoyote inayopima mkaa kwa sado (kopo la kupimia). Kwenye kona utakuta rundo la chenga, zile zinazobaki gunia likishamwagwa. Muuzaji anazifagia kila jioni, zikimzidi anazitupa mtaroni, na za Mabatini mvua ikinyesha zinaingia Mto Mirongo, kutoka hapo ni ziwani. Hiyo ndiyo malighafi yenu. Mti ulishakatwa, tanuru lilishawaka, gharama alishalipa mtu mwingine. Kikundi kinachoanzia hapa hakihitaji pipa la kuchomea wala mkopo, na ndani ya wiki moja au mbili kitakuwa na mkaa wa kuuza.

Hatua ya 1: Zungumzeni na wauzaji kabla ya kununua hata kiroba

Chagueni wauzaji wachache walio karibu, muwaachie viroba vyenu, mkubaliane siku ya kupita. Bei ya chenga muimalize siku hiyohiyo na muiandike, kwa sababu takataka ikishapata mnunuzi inageuka bidhaa, na mtaani habari hizo hazilali.

Kitu cha kuogopa hapa ni mchanga. Chenga zimefagiwa chini, lazima mchanga umo. Chukua konzi moja, tumbukiza kwenye glasi ya maji, koroga, acha. Mchanga unazama papo hapo, chenga zinaelea au zinashuka taratibu. Ukiona mchanga umetanda chini kama kidole, gunia hilo liache. Mchanga hauwaki. Utaubeba, utaukausha, utamuuzia mteja, naye atauona kwenye majivu na hatarudi.

Hatua ya 2: Chekecheni, pondeni

Chenga ziwe ndogo kuliko punje ya mchele, na vumbi laini liwemo, maana ndilo linaloziba nafasi. Zilizo kubwa tieni kwenye kiroba mponde kwa mchi. Vaeni barakoa au mfunge kitambaa puani, na mnyunyize maji kidogo ili vumbi litulie.

Hatua ya 3: Uji wa muhogo

Hapa ndipo mkaa unapopatikana au unapopotea, kwa hiyo twende polepole.

Kwa kilo 20 za chenga kavu, chukueni kilo 1 ya unga wa muhogo. Kanda hii udaga (muhogo mkavu) haukosekani, na si lazima uwe mweupe wa ugali, wa bei ya chini unatosha. Vurugeni unga kwenye lita 2 za maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsheni maji mengine lita 6 hivi, mmimine ule mchanganyiko huku mkikoroga, na msiache kukoroga mpaka uji upoteze weupe na kuanza kung'aa kama gundi. Uji mbichi haushiki. Watu wengi wanauepua ukishakuwa mzito tu, na mkaa wao ukikauka unabomoka mkononi.

Umwagieni kwenye chenga ukiwa bado wa moto, mchanganye kwa koleo. Kisha kipimo: finyanga konzi moja kwa nguvu, fungua kiganja. Tonge likibaki zima na vidole havidondoshi maji, mmepata. Likipasuka, ongezeni maji kidogo. Likichuruzika, ongezeni chenga.

Msiongeze unga mkidhani mnaongeza ubora. Muhogo ukizidi, mkaa unatoa moshi na harufu ya ugali ulioungua, tena ukiwekwa stoo panya wanautafuna.

Hatua ya 4: Umbo

Kata kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, tafuta mti unaoingia ndani yake bila kubana. Jaza, shindilia juu ya jiwe bapa, sukuma utoke. Vitonge vya mkono navyo vinawaka vizuri tu, ila haviko sawasawa na mnunuzi wa mjini ananunua kwa macho. Jambo la maana ni kushindilia: mkaa uliolegea unaungua upesi.

Hatua ya 5: Kukausha

Anayekaa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, hahitaji kufundishwa chanja. Ileile ya kuanikia dagaa, nyavu juu ya miti, hewa ipite chini na juu, ndiyo inayofaa hapa (jengeni yenu, mkaa na dagaa visikutane). Siku ya kwanza wekeni kivulini, kwa sababu jua kali linakausha ganda kabla ya moyo, na ganda linapasuka. Baada ya hapo jua, mkigeuza, na turubai usiku. Kiangazi, Juni hadi Septemba, siku tatu mpaka tano zinatosha. Wakati wa vuli na masika hesabuni wiki au zaidi, na chanja iwe chini ya paa.

Vunjeni mmoja katikati. Ndani pakiwa na weusi uliokolea kuliko nje, bado una maji.

Hatua ya 6: Jaribio kabla ya kuuza

Kilo moja ya mkaa wenu, kilo moja ya mkaa wa kawaida, majiko mawili yanayofanana, sufuria mbili zenye maji sawa. Andikeni muda wa kuwaka, muda wa maji kuchemka, muda wa moto kufa, na majivu yaliyobaki. Mtaona kwamba wenu unachelewa kushika moto lakini unadumu. Hilo ndilo linaloamua mteja wenu ni nani. Anayechemsha chai asubuhi mbiombio ataulaani. Mama lishe mwenye sufuria ya maharage, muuza supu, mpika makande, hao moto wa kukaa ndio wanaoutafuta.

Hatua ya 7: Uzeni kwa kilo

Sado moja ya mkaa ulioshindiliwa ni nzito kuliko sado ya mkaa wa kawaida. Mkipima kwa sado mnagawa bure. Nunueni mzani.

Kuhusu mashine: nunueni mteja akishawazidi nguvu, si kabla. Nimeona mashine zimefunikwa maturubai kwenye nyumba za wenyeviti wa vikundi, zimekuja na picha za uzinduzi na hotuba, na hazina cha kushindilia kwa sababu hakuna aliyejua chenga zitatoka wapi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kayenze: *Shikamoo mwalimu. Sisi tuko mwaloni, gugumaji limetuzibia hata njia ya mitumbwi. Kwa nini unalikwepa?*

Marahaba. Silikwepi, nalipigia hesabu. Mmea huu ulitoka Amerika Kusini, na ziwani kwetu ulionekana kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990. Ukiwa mbichi, karibu asilimia 95 ni maji. Vuta kilo 100, kausha, utabaki na kilo 5 au 6. Hizo uzichome kwenye pipa kwa hewa kidogo, upate robo yake, kilo moja na nusu hivi ya unga mweusi, wenye majivu mengi kuliko chenga za mti. Kuna na hatari: konokono wa kichocho wanapenda kukaa kwenye majani hayo, nyoka nao, na huwezi kujua mamba yuko wapi. Mkilazimika kulitoa kwa ajili ya mitumbwi, vaeni buti ndefu, kateni mizizi maana inabeba matope, na mboji ndiyo matumizi yake mepesi zaidi. Mkitaka kulitia kwenye mkaa, lichanganyeni na chenga, chenga zikiwa nyingi.

Mwanachama, Magu: *Huku tuna milima ya pumba za mpunga kwenye mashine za kukoboa. Zinafaa?*

Zinafaa, ila lazima zichomwe kwanza. Pumba zina silika nyingi (madini yaleyale ya mchanga), karibu sehemu moja kwa tano ni majivu hata ukifanyaje. Pipa la lita 200 litobolewe chini, liwashwe taratibu. Moshi mzito mweupe ni maji yanatoka. Ukishakuwa mwembamba wenye rangi ya bluu, funika na uzibe kwa udongo mpaka lipoe kabisa. Ukifungua likiwa la moto, hewa inaingia na unabaki na jivu. Mabua na maganda ya pamba yana majivu machache kuliko pumba, na kwenu hayakosekani.

Mwanachama, Nyegezi: *Tunaweza kujenga chanja na banda pale ufukweni? Upepo ni mzuri sana.*

Upepo ni mzuri, sheria haitaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa. Sogeeni juu.

Mwanachama, Buhongwa: *Mtaji tutatoa wapi, mwalimu? Benki hawatusikilizi.*

Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atawauliza katiba, usajili, mihtasari ya vikao na akaunti ya kikundi. Lakini nendeni mkiwa na daftari la mauzo, hata la gunia tatu. Mkopo hauna riba, deni lipo palepale.

Mwanachama, Igoma: *Mkuu wa shule jirani anataka tumpelekee mkaa kila mwezi kwa sababu wamekatazwa kuni. Tukubali?*

Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa wa miti kufikia Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi kufikia 2034. Kwa hiyo shule zitawatafuta, tena nyingi. Mpe kwanza wa kupikia wiki moja, mpishi aseme. Halafu mpige hesabu ya chenga mnazopata kwa mwezi, msaini kiasi hicho, msizidishe. Na ulizeni mapema ofisi ya kanda ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kuhusu alama ya ubora.

Mwanachama, Kirumba: *Samahani, lakini huu si mkaa tu? Mimi nina jiko la presha la umeme, maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja.*

Endelea nalo dada, usirudi nyuma. Mkaa huu unatoa gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, kama mkaa mwingine wowote, gesi hiyo haionekani na haina harufu, na asilale mtu na jiko lake ndani hata kama mvua inanyesha. Anayeuhitaji ni yule mwenye sufuria ya lita 40 chini ya mwembe, asiye na soketi.

Mwanachama, Misungwi: *Wetu unapasuka vipande viwili ukishakauka. Unga tumepima sawa.*

Siku ya kwanza mliuanika wapi?