Kumtafuta babu wa enzi za mkoloni, Pwani ya Kenya

Anza na mzee aliye hai, karatasi baadaye. Mimi sikumuuliza nyanya yangu babake alizaliwa mwaka gani. Nilimuuliza alioa wapi, alizikwa wapi, na shamba lake la minazi lilipakana na la nani. Jirani wa shamba ndiye aliyenifungulia njia.

Sheria ya ardhi ya 1908 iliwataka watu wa Pwani wapeleke madai ya mashamba yao, na ardhi isiyodaiwa ikachukuliwa na serikali ya Mwingereza. Kwa hiyo ukienda masjala ya ardhi kutafuta dai la babu, beba majina ya majirani waliopakana naye pia. Na uandike jina la babu kwa kila namna ambayo karani angelisikia: Hamisi, Khamis, Hamis. Usiliache neno "bin", kwa kuwa linakupa baba yake papo hapo.

Kama alikuwa Mwislamu, uliza faili ya mirathi kwa kadhi. Hapo ndipo penye utajiri: wake, watoto, hata binti aliyesahaulika katika masimulizi ya ukoo. Yetu ilikuwa nakala iliyokunjwa mara nne ndani ya sanduku la nyanya, na chini yake dole gumba la wino wa zambarau. Nililia.

Aliyefanya kazi ya mshahara kuanzia miaka ya 1920 huenda alivaa kipande shingoni, yaani kitambulisho cha mkoloni kilichotiwa ndani ya kikopo cha chuma; ulizia kikopo hicho nyumbani. Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, ukaombe faili za wilaya yake.