Mtoto wa jicho pamoja na presha ya macho: upasuaji upi utangulie?

Ukungu wa mtoto wa jicho huondoka lenzi iliyochafuka ikitolewa na ya bandia ikawekwa. Mshipa wa fahamu ulioliwa na presha ya macho haurudi, hata apasue nani. Kwa hiyo kabla ya kukubali tarehe, muulize daktari mshipa wako umebaki kiasi gani.

Utapimwa presha (kawaida ni milimita za zebaki 10 hadi 21), upeo wa kuona pembeni, na pembe ya jicho, yaani njia ya maji ya ndani ya jicho kutokea. Beba chupa zote za matone unayotumia. Kama umewahi kumeza tamsulosini ya tezi dume, sema, hata kama uliacha miaka mingi iliyopita: hulegeza utando wenye rangi unaozunguka mboni, ukaanza kupepea katikati ya upasuaji.

Pembe ikiwa imefinyika, mara nyingi kutoa mtoto wa jicho peke yake kunashusha presha vizuri. Lenzi ya mzee hufika unene wa milimita 4 au 5 na kuusukuma utando huo mbele. Ya bandia ni kama milimita 1, basi njia hufunguka.

Pembe ikiwa wazi, presha ikatulia kwa tone moja au mawili, na mshipa bado uko imara, toa mtoto wa jicho tu. Presha itashuka pointi chache, lakini matone yanaendelea. Wengi huyatupa kwa sababu sasa wanaona vizuri, na hapo ndipo wanapopofuka kimyakimya. Penye vifaa, daktari huweza kupachika kibomba kidogo cha kupitishia maji palepale. Chagua lenzi ya kawaida ya umbali mmoja. Zile za kuona mbali na karibu hufifisha zaidi jicho ambalo mshipa wake umeshaathirika.

Mshipa ukiwa umeliwa sana, au presha haishikiki, panahitajika trabekulektomi: tundu dogo chini ya kope la juu, maji yatoke na kukusanyika kwenye kifuko chini ya utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho. Adui wake ni kovu, ndiyo maana hupakwa mitomaisini, miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa mililita, kwa dakika chache. Ikitangulia, mtoto wa jicho husubiri angalau miezi 6, kwani uvimbe wa upasuaji wa pili huweza kuliziba tundu. Zikifanywa pamoja, presha haishuki sana kama trabekulektomi ikiwa peke yake, ila ni safari moja na gharama moja. Kwa anayeishi mbali na hospitali, sisi tungependelea hivyo.

Usiku wa kwanza presha huweza kupanda kwa sababu ya ute wa upasuaji uliobaki ndani. Ikipanda, huweza kutolewa asetazolamidi ya miligramu 250, dawa ya kuishusha. Mwenye selimundu au mzio wa dawa za salfa aseme mapema. Kesho yake usikose kliniki, na wiki za mwanzo pia: nyuzi za trabekulektomi hulegezwa kulingana na presha ya siku hiyo. Matone ya steroidi hufuatwa kwa ratiba, maana yakizidi nayo hupandisha presha.

Kifuko hubaki mlango wa wadudu maisha yote. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likitoa usaha au likififia, hata miaka 10 baadaye, nenda hospitali siku hiyohiyo.