Kupogoa miti iliyo karibu na nyaya za umeme kabla ya dhoruba za baridi

Somo hili ni la wenye miti mirefu karibu na nyaya, mahali penye theluji au mvua inayoganda. Wengi hukumbuka msumeno dhoruba ikishatangazwa, na hapo wamechelewa. Tawi litakaloangukia waya usiku huo huwa limekuwa dhaifu kwa miaka.

Kinachovunja si upepo peke yake, ni uzito. Tone la mvua likigusa tawi lenye baridi chini ya nyuzi 0 huganda hapohapo, tabaka juu ya tabaka, mpaka barafu ilizidi tawi lenyewe kwa uzito. Januari 1998 mvua ya namna hiyo ilinyesha kwa siku kadhaa mashariki mwa Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani, na huko Quebec hata minara ya chuma ya umeme ililala chini. Theluji ya mapema nayo ina hila yake. Ile ya Oktoba 2011 mashariki mwa Marekani iliikuta miti bado ina majani, na majani ndiyo yanayoshika theluji.

1. Zitambue nyaya. Za juu kabisa nguzoni kwa kawaida ni za msongo wa kati, na nyingi hazina ganda lolote la kuhami. Waya unaotoka nguzoni kuja nyumbani huwa na ganda, lakini tawi likiusugua kila siku ganda huchubuka. Uhesabu kuwa una umeme.

2. Weka mpaka wako. Ikiwa wewe, ngazi, msumeno au tawi unalokata linaweza kufika ndani ya mita 3 za waya, kazi hiyo si yako. Piga simu shirika la umeme. Kwa laini za msongo mkubwa umbali huo hautoshi. Na usijidanganye kwamba mti ni mkavu: mti mbichi una maji, hivyo hupitisha umeme.

3. Kagua majani yakishapukutika. Tafuta matawi makavu, nyufa, uyoga kwenye kitako cha shina, na udongo ulioinuka upande mmoja. Mashina mawili ya unene sawa yaliyobanana kama herufi V, gome likiwa limefinywa katikati, hupasuka kwa urahisi sana. Kisha angalia jambo ambalo husahaulika: mti ulio mbali na laini lakini mrefu kiasi cha kuifikia ukianguka.

4. Pogoa kwa mwelekeo, si kwa urefu. Ondoa matawi yanayoelekea kwenye waya, yanayokua kwenda kwingine yaache. Tawi zito likate mara tatu. Kwanza chini yake, kama sentimita 30 kutoka shinani, theluthi ya unene tu. Pili juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, lianguke bila kuchuna gome la shina. Tatu ondoa kisiki, ukiacha kile kivimbe kinachounganisha tawi na shina, kwa kuwa ndicho kinachofunga jeraha. Rangi ya kupaka kidonda haihitajiki. Usizidishe robo ya matawi mabichi kwa mwaka. Kwa miti mingi wakati mzuri ni mwishoni mwa majira ya baridi, kabla haijachipua.

5. Ukipanda upya, chini ya nyaya weka aina isiyozidi mita 6 au 7 ikikomaa. Mirefu ipeleke mita 15 au zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, fundi ameniambia tukate kichwa chote cha mti, tusisumbuke tena kwa miaka. Ni sawa?*
Hapana, ndugu yangu. Mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi mengi yanayokwenda juu kwa kasi, yameshikilia gome la nje tu. Baada ya misimu michache yatafika kwenye waya tena, na hayo ndiyo ya kwanza kung'oka barafu ikija. Wakati huohuo visiki vinaoza. Tafuta fundi mwingine.

*Shirika walikata wakaacha mti una uwazi katikati, umbo baya kabisa. Wameuharibu?*
Kwa macho, ndiyo. Lakini ikiwa mikato imefuata maungio ya matawi, walichofanya ndicho nilichoeleza hatua ya 4, na mti utaishi.

*Tawi limeinama kwa barafu, linagusa waya wa nyumba. Nilitikise barafu idondoke?*
Usiliguse, wala kwa mti wa ufagio. Tawi lililoganda hukatika ghafla, ilhali lililopinda tu mara nyingi huinuka barafu ikiyeyuka. Wajulishe shirika la umeme.

*Na waya ukiwa umeshaanguka?*
Kaa angalau mita 10, hata kama hautoi cheche, maana umeme husambaa ardhini. Ukijikuta tayari uko karibu, ondoka kwa hatua fupi za kuburuta, nyayo zikigusana na bila kuinua mguu. Ukiwa garini na waya umeangukia gari, baki ndani mpaka wahusika wathibitishe umekatwa. Gari likishika moto tu ndipo uruke nje, miguu pamoja, bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja.