Namna ya kuandaa safari ya kwanza ya kikosi cha Rova chenye wasichana na wavulana

Kikosi cha Rova, yaani cha maskauti vijana waliovuka rika la watoto, hakiandaliwi safari, kinajiandalia chenyewe. Vikosi vingi vipya hukwama hapo hapo. Kiongozi aliyezoea maskauti wa miaka kumi hupanga kila kitu, vijana hubaki abiria, na baada ya safari mbili hawaonekani tena. Maelezo haya ni ya safari ya miguu ya siku tatu, kulala mara mbili, inayopangwa na vijana wenyewe huku watu wazima wakiwa na sababu moja tu ya kupiga jambo marufuku: usalama.

Anzeni na umri. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipoanzisha marova mwaka 1918 walikuwa wanaume tu, lakini leo vyama vingi vinachanganya jinsia, na mipaka ya umri inatofautiana. Venturing, programu ya skauti ya Marekani iliyoanza mwaka 1998 ikiwa na jinsia zote, huchukua vijana wa miaka 14 hadi 20, na mikutano ya dunia ya marova hupokea wa miaka 18 hadi 25. Popote mpaka unapokatiza miaka 18, ndani ya kikosi kimoja mna watoto kisheria na watu wazima kisheria. Kijana wa miaka 19 ni rafiki wa yule wa 16, wanacheka pamoja, lakini hawalali hema moja. Someni kanuni za ulinzi wa watoto za chama chenu kabla ya kufungua ramani.

Kwa hiyo mahema yahesabiwe mapema. Tuseme mko tisa: wasichana wanne, wawili chini ya miaka 18 na wawili juu, na wavulana watano, watatu chini na wawili juu. Hayo ni mahema manne, moja likiwa la watu watatu. Ongezeni mawili ya viongozi, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, kila mmoja na lake. Jumla sita, wakati kundi la jinsia moja na rika moja lenye watu kumi na mmoja lingejipanga kwenye manne. Hili likigunduliwa siku ya kuondoka, mtu hubanwa mahali asipopaswa kulala. Ikiwa msichana ni mmoja tu, tafuteni wa pili au mpe hema lake karibu na kiongozi wa kike, na aulizwe mwenyewe anaonaje, si kupangiwa. Kiongozi asibaki peke yake na kijana mdogo mahali pasipoonekana, hata kwa mazungumzo ya dakika tano. Akae naye pembeni, mbele ya macho ya wengine.

Jipeni wiki sita. Mkutano wa kwanza ni wa kuchagua njia na mratibu wa safari, ambaye awe kijana. Leteni njia tatu, mjadili, mpige kura. Wa pili ni wa fedha na karatasi: ridhaa ya mzazi kwa kila aliye chini ya miaka 18, na fomu ya afya kwa wote, viongozi wakiwemo. Fomu iulize mzio, pumu, dawa anazotumia mtu na zinakaa mfuko gani. Swali la mfuko huonekana la kijinga mpaka mwenye pumu abanwe na kifua na asiweze kusema dawa iko wapi. Mkutano wa tatu ufanyike siku nne kabla ya kuondoka, kila mtu aje na shanta lake limeshafungwa, na mzani uwepo.

Mzani ndio unaomaliza ubishi. Shanta lisizidi robo ya uzito wa mbebaji. Mwenye kilo 48 asivuke 12, mwenye kilo 80 asivuke 20. Pimeni kwanza vitu binafsi, ambavyo kwa safari hii visipite kilo 8 au 9 pamoja na maji, ndipo mgawane vya kikosi: mahema, majiko, sufuria, chakula. Wa kilo 48 atachukua kilo tatu, wa kilo 80 anaweza kuchukua kumi. Msigawe kwa kichwa, na msigawe kwa jinsia, kwa sababu kuna msichana wa kilo 75 na mvulana wa 50. Vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa mabega, mfuko wa kulalia chini. Mkanda wa nyonga ufungwe kwanza, ukaze juu ya mifupa ya nyonga, kisha kamba za mabega zivutwe kidogo. Anayelalamika mabega baada ya nusu saa mara nyingi amefanya kinyume.

Muda wa kutembea hukokotolewa kwa kanuni ya mwaka 1892 ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Naismith hakuwa akifikiria kikosi chenye mizigo, kwa hiyo tumieni kilomita 4 kwa saa. Kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1. Fuateni mikunjo ya njia kwa uzi kisha mpime uzi kwa rula, maana rula peke yake hukata kona na kuwadanganya. Njia ya kilomita 14 yenye mita 600 za kupanda ni saa tatu na nusu za mwendo, saa moja ya mlima, dakika kumi za kupumzika kila saa na dakika hamsini za kula: takriban saa sita. Mkiondoka saa 2 asubuhi mtafika saa 8 mchana. Wekeni saa nzima ya akiba juu yake, na njia isiyowafikisha kambini walau saa mbili kabla ya giza ikatwe. Hapo ndipo kiongozi mtu mzima ana haki ya kusema hapana bila kura.

Njiani, mwenye mwendo wa polepole akae wa pili, nyuma ya anayeshika dira. Akiwekwa mwisho, wenzake humsubiri wakipumzika, na akifika tu wanaondoka, hivyo aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika kabisa. Wa mwisho kabisa awe mtu imara mwenye sanduku la huduma ya kwanza. Hesabuni watu kila njia panda. Mkigawanyika makundi, lisiwepo la chini ya watu wanne: mmoja akiumia, mmoja abaki naye na wawili wafuate msaada. Kila mtu awe na filimbi shingoni. Kuomba msaada ni milio sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena. Jibu ni milio mitatu. Nyumbani abaki mtu mwenye nakala ya njia na saa mliyoahidi kupiga simu, na ajue afanye nini simu isipokuja.

Maji ni nusu lita kwa kila saa ya kutembea, zaidi kwenye joto. Ya mtoni yachemke kwa dakika moja nzima, dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000. Vidonge vya klorini huhitaji dakika 30, na zaidi maji yakiwa baridi. Maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa kwanza, kwa sababu uchafu hula klorini.

Kuhusu jikoni, andikeni zamu. Zamu isipoandikwa, usiku wa kwanza wasichana watakuwa kwenye sufuria na wavulana kwenye ramani, na hakuna atakayekumbuka nani aliamua hivyo. Zamu ibadilike kila mlo, na dira ibadilishwe mikono kila saa. Chakula kikavu gramu 600 hadi 700 kwa mtu kwa siku hutosha, kwa mfano mchele mkavu gramu 120 kwa mlo. Gesi msikisie. Pimeni mtungi, chemsheni lita moja nyumbani, pimeni tena, mzidishe kwa lita mtakazohitaji, na muongeze theluthi kwa ajili ya upepo. Jiko lisiwashwe ndani ya hema hata mvua inyeshe vipi: gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu.

Choo kiwe shimo lenye kina cha sentimita 15 hadi 20, hatua themanini kutoka maji, njia na kambi. Chagueni pande mbili, ya wanawake na ya wanaume, na wote wazijue kabla ya giza. Pedi ziwe ndani ya sanduku la huduma ya kwanza pamoja na mifuko isiyoonyesha kilichomo, ili anayehitaji achukue bila kuomba. Hazifukiwi, hurudi nyumbani na taka nyingine.

Lengelenge huanza na mahali panapochoma. Hapo hapo simama, vua kiatu, kausha, bandika plasta. Kikosi ambacho vijana wanaona haya kusimamisha wenzao hufika kambini na watu wawili wanaochechemea, basi mratibu aulize kuhusu miguu mwenyewe baada ya nusu saa ya kwanza.

Asubuhi ya siku ya pili iwe ya huduma, maana bila hiyo marova ni kundi la watembezi tu. Kazi moja iliyokubaliwa na mwenye eneo mapema, inayoisha ndani ya saa tatu, kama kuziba mifereji iliyochimbwa na mvua kwenye njia. Zana ziwe za mwenye eneo. Majembe yakiingia kwenye mashanta, hesabu yote ya robo inavunjika.

Mkirudi, mahema yaanikwe siku hiyo hiyo kwa sababu ukungu huanza upesi kwenye kitambaa kilichokunjwa na unyevu. Mweka hazina asome hesabu mbele ya wote ndani ya wiki moja, risiti zikiwa mezani. Katika kikao hicho hicho kila mtu ajibu maswali mawili: nini kilibebwa na hakikutumika, na nini kilikosekana. Majibu yaandikwe kwenye orodha ya vifaa yenyewe, si kwenye daftari jingine, kisha mchague mratibu wa safari ijayo, asiwe yule yule.