Mambo ya kuzingatia kabla ya kupiga picha ya Kibo alfajiri

Ukisimama kando ya mashamba ya miwa ya Arusha Chini, kusini mwa Moshi, utaona Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha Kilimanjaro, kikipata jua dakika kadhaa kabla ya tambarare. Barafu ya huko juu imeshageuka rangi ya waridi, na miwa iliyo mbele yako bado imo gizani. Macho huona vyote viwili bila taabu, lakini kamera hushindwa. Ukiipa miwa mwanga wa kutosha, barafu inaungua na kubaki doa jeupe. Ukiihurumia barafu, miwa inakuwa nyeusi kama masizi. Uwezo huo wa kushika mwanga mkali na kivuli kizito kwa mpigo mmoja, ambao wapiga picha huuita dainamiki renji, una kikomo katika kila kamera. Karibu na ikweta jua hupanda wima na mapambazuko hayakawii, kwa hiyo maamuzi yote yawe yamekwisha fanyika jioni ya kuamkia siku hiyo.

Anza na msimu. Mimi huchagua Januari na Februari, baina ya vuli na masika. Miezi hiyo jua huchomoza kusini kidogo ya mashariki, hivyo miali yake hufika kwenye barafu za upande wa kusini, yaani zile unazozitazama ukiwa Arusha Chini. Juni na Julai huchomoza kaskazini ya mashariki, na sehemu kubwa ya uso huo hubaki kivulini. Mlima wenyewe mara nyingi hujifunika mawingu kabla ya saa nne. Na mashamba yale yana wenyewe, ruhusa iombwe mapema.

Kisha jiulize ni kitu gani hakitakiwi kupotea. Kwangu ni barafu, na nina sababu. Tangu 1912 Kilimanjaro umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Kilichobaki ni vipande, na kila kimoja kina mikunjo na rangi ya buluu kwenye kingo zake. Inaniuma kuona picha ya mlima huu ambamo vipande hivyo vimeungua. Sehemu iliyoungua haina taarifa yoyote ndani yake, hakuna programu itakayoirudisha. Kivuli hunyanyuliwa baadaye, ingawa hutoa chenga ukikinyanyua kupita kiasi.

Ndiyo maana kamera iwekwe RAW, yaani ihifadhi faili ghafi lisilobanwa kuwa picha ya kawaida ya JPEG. Faili la JPEG lina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384. ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga, ibaki 100, maana kila unapoipandisha mara mbili unapoteza takribani stopu moja ya nafasi uliyonayo, na stopu moja ni mwanga mara mbili. Tundu la lenzi liwe f/8 au f/11 na lisiguswe tena. Utakachobadilisha ni kasi ya shata peke yake, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia. Kamera ikishakaa kwenye tripodi, zima kidhibiti mtikisiko na utumie kihesabu muda cha sekunde mbili.

Kupima mwanga ndiko kunakoangusha wengi. Kipimo cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu. Kielekeze kwa nukta moja kwenye barafu inayong'aa kuliko zote, nacho kitataka kuifanya kijivu. Ongeza hapo stopu moja na nusu, kisha tazama histogramu, yaani grafu inayoonyesha mwanga wa picha umegawanyika vipi kutoka giza hadi weupe. Isiwe ile ya jumla: washa inayoonyesha rangi tatu, kwa sababu alfajiri nyekundu ndiyo huungua kwanza huku histogramu ya jumla ikionyesha mambo ni salama. Niliwahi kurudi nyumbani na picha thelathini za namna hiyo, waridi yote imekuwa kibandiko kimoja bapa. Jua linapozidi kupanda, pima upya kila dakika mbili.

Tofauti ya mwanga ikizidi uwezo wa sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, kuna njia mbili. Filta iliyotiwa giza nusu ya juu, ya stopu mbili au tatu, hupunguza mwanga wa anga. Chukua yenye mpaka laini, kwa kuwa mpaka mkali utakata mlima kama kisu. Njia ya pili ni kupiga picha tatu zinazopishana stopu mbili kisha kuziunganisha. Wazo hili si la jana: miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alichapa picha za bahari kwa negativu mbili, moja ya anga na moja ya maji. Mimi huanza na filta, kwa sababu miwa haitulii. Upepo ukivuma kati ya picha ya kwanza na ya tatu, majani yanajirudia kama vivuli vya mtu anayekimbia. Ukilazimika kuunganisha, chukua miwa yote kutoka picha moja na utumie zile nyingine kwa mlima na anga tu.

Mfukoni weka betri ya pili, tochi, na kitambaa cha kufutia umande kwenye lenzi. Jua likishaifikia miwa, tofauti hupungua na filta inaweza kutolewa. Kabla hujakunja tripodi, kuza picha kwenye kioo na uikague barafu, ungali na nafasi ya kurudia kabla wingu halijafunga.