Mapumziko ya Lamu: panga siku kwa maji na adhana

Nafanya kazi ya uuguzi Mombasa, zamu za usiku nyingi kuliko za mchana, na nikipata likizo sitaki pahali pa kunichosha upya. Nakwenda Lamu. Wenzangu wodini huniomba niwapangie safari, na kila mmoja ana simu mkononi tayari kuandika: saa mbili ngome, saa tatu makumbusho, saa nne kijiji cha Shela. Mimi huwakataza. Mji ule una saa zake mbili, maji ya bahari na adhana, na anayezifuata hizo hupumzika bila kujilazimisha.

Kwa hiyo kabla hujakata tiketi, tazama mwezi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu ni bamvua: maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayopita huchelewa kiasi cha dakika 50, hata wiki ikiisha yakawa yanajaa asubuhi na kutoka jioni, nayo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mimi hupenda kufika bamvua inapokaribia. Asubuhi napata mchanga mpana, mgumu, wa kutembea mpaka nichoke mwenyewe. Alasiri napata maji ya kuogelea.

Kuhusu msimu, Mei usiende kama unaweza kuchagua, mvua ya masika huharibu kila kitu na baadhi ya nyumba za wageni hufunga. Julai na Agosti upepo wa kusi huleta ubaridi mzuri lakini mawimbi ya Shela huwa makali. Oktoba na Novemba, kusi ikishatulia na kaskazi haijashika, ndio wakati wangu. Ukienda Januari utavumilia joto, ila utakula maembe ya ngowe mpaka vidole vibaki na rangi ya manjano.

Ukitoka Mombasa kwa basi unapita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, halafu unavuka kwa boti. Safiri mchana, uliza hali ya barabara kwanza, na uwe na kitambulisho mkononi kwa sababu vizuizi vya askari ni vingi. Anayekuja kwa ndege hushuka kisiwa cha Manda, na gati iko karibu hapo. Kote kuwili, patana bei ya boti kabla hujatia mguu.

Nyumba tafuta mtaa wa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale, penye nyumba za mawe. Mtaa wa Langoni umechangamka zaidi na chakula kiko mlangoni, lakini usingizi ni wa Mkomani. Usitazame kitanda kwanza. Panda juu, uulize kama kuna sakafu ya juu iliyoezekwa makuti ambapo mgeni anaruhusiwa kukaa, maana huko ndiko upepo uliko na huko ndiko utakakolala baada ya adhuhuri. Ukishuka, angalia daka, ule ukumbi wa mlangoni, na zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kuna nyumba za zamani ambazo chokaa yake imechongwa kwa ustadi wa kukushangaza. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ni watu wanaoishi ndani yake. Nguo zinaanikwa, watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani, punda wanabeba mawe na mchanga. Ukisikia "Simile! Simile!" nyuma yako, jibanze ukutani upesi, punda mwenye mzigo hapindi.

Sasa siku yenyewe.

Adhana ya alfajiri hutoka mnamo saa kumi na moja, na si moja, kwa sababu misikiti ya mji wa kale inazidi 20 na kila mmoja una muadhini wake. Usikasirike ukajifunika mto. Amka, kama unaswali uswali, kama huswali kaa juu ya nyumba usikilize zinavyopokezana mpaka ya mwisho inyamaze. Kisha shuka ukatafute chakula, maana chakula cha asubuhi cha Lamu hakimsubiri mtu wa saa tatu.

Mahamri na mbaazi za nazi utayapata kila pahali, na ni mazuri. Lakini nakuomba utafute mkate wa mofa. Nenda ulipo moshi, uombe kusimama karibu na tanuri. Tanuri ni la udongo, mdomo wake juu, makaa chini. Mama anayechoma analowesha mkono kwa maji, anachukua donge, analipiga kiganja hiki na kile mpaka litandae, halafu anaingiza mkono wote ndani ya lile joto na kulibandika ubavuni. Mkono unatoka haraka, unarudi na donge jingine. Mikate ikishaiva inaanza kubanduka yenyewe ukingoni, naye anajua upi uondoke kwanza bila kutazama sana. Niliwahi kumwuliza mmoja wao kama haungui.

"Mwanangu," akanijibu, "moto unamuunguza mwenye kusitasita."

Uule moto, ng'ambo hii umeiva kwa kukauka, ng'ambo hii laini, pamoja na mchuzi wa samaki uliobaki jana usiku. Mchuzi uliolala ndio wenye ladha.

Baada ya hapo nenda Shela. Kwa miguu ni kama dakika 40 kwa njia ya ufuoni, na maji yakiwa yametoka ni matembezi mepesi. Maji yakijaa njia hiyo humezwa mahali, basi panda boti. Utaona mnara mweupe wa Msikiti wa Ijumaa wa Shela, uliojengwa 1829, kabla hujauona mji. Pita kijijini umejifunga leso, mabega na magoti yamefunikwa. Nguo ya kuogelea ivuliwe leso ukifika ufuoni, si kabla. Wenyeji hawatakugombeza ukikosea, ndiyo maana inafaa ujichunge mwenyewe.

Ufuo wa Shela una urefu wa kilomita 12 hivi na hauna kivuli. Chukua maji, kofia, na tende chache, na tembea asubuhi. Usiende mbali peke yako. Mkiwa wawili watatu ni bora. Kuogelea ogelea maji yanapojaa, karibu na kijiji, na mkondo wa kati ya Shela na Manda uuheshimu. Maji yakianza kutoka pale yanakimbia kuelekea bahari kuu, na mwogeleaji hodari hachoki kwa sababu ni dhaifu, anachoka kwa sababu bahari haichoki. Nimeshawapokea wodini watu waliotolewa baharini. Uliza mvuvi yeyote, "Maji yanakuja au yanatoka?" Ni swali la heshima na kila mtu atakujibu.

Machuguu ya mchanga nyuma ya ufuo usiyakanyage ovyo wala using'oe mimea yake. Mvua inayonyesha pale huzama mchangani na kuhifadhiwa chini, na visima vya Shela ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Ni mchanga huohuo ambao mnamo 1812 au 1813 watu wa Lamu waliwashinda Mazrui, watawala wa Mombasa, na wenzao wa kisiwa cha Pate. Sisi wa Mombasa tukipanda juu ya chuguu lile tuna la kufikiri.

Adhuhuri rudi kivulini. Kula wali wa nazi na samaki wa kupaka, mchicha, achari ya embe kidogo pembeni, kisha ulale. Nasema ulale kwa dhati kabisa. Mji wote umefunga milango, hakuna unachopitwa nacho. Anayekwenda kupiga picha saa nane mchana hupata picha za kuta na kichwa cha kuuma.

Alasiri moja katika safari yako iwe ya Takwa, magofu yaliyo kisiwa cha Manda. Hapa ndipo mwezi uliotazama unakulipa. Njia ya kuingia ni mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko, na chombo hakipiti ila maji yakijaa. Siku za bamvua nahodha atataka muondoke baada ya saa nane ili mfike maji yanapopanda na mtoke kabla hayajaanza kukauka; mtii. Watu walihama Takwa karne ya 17, na wazee wa Shela wanajihesabu kuwa kizazi chao. Msikiti mkubwa ungali na kuta, na juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo, jambo la nadra katika misikiti yetu. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo ambalo watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda kuliombea mvua. Mibuyu imeota ndani ya mji. Keti chini ya mmoja wao, mwombe kiongozi wako anyamaze kidogo. Mimi pale huwa nawaombea wagonjwa waliotutoka wodini ambao sikupata nafasi ya kuwalilia.

Magharibi uwe Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Ngome yenyewe ilijengwa 1813 hadi 1821 na baadaye ikawa jela kwa miaka mingi; sasa ni makumbusho, ingia asubuhi moja yenye mawingu, inatosha. Jioni la muhimu ni moshi wa mishkaki, viazi karai vilivyomiminiwa ukwaju, bajia, kaimati, na muuza kahawa na dele lake, birika la shaba. Kahawa ni chungu, inanywewa kwa vikombe vidogo pamoja na halua au tende. Baraza nyingi ni za wanaume wazee. Mwanamke mgeni akitoa salamu vizuri hupewa nafasi na huletewa kikombe, mimi sijawahi kunyimwa. Salimu kwanza, kaa, halafu uulize maswali yako.

Jipe usiku mmoja wa kuamkia Ijumaa uende Langoni, kwenye msikiti wa Riyadha. Aliyeuanzisha, Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilail, alikuja kijana kutoka Ngazija karne ya 19, akafundisha dini na kutibu watu, na akawafungulia darasa waliokuwa hawakaribishwi kwenye darasa za mabwana, wakiwemo waliotoka utumwani. Mimi mwenye kazi ya kuuguza namheshimu kwa hilo kuliko kwa lolote jingine. Maulidi yanayosomwa pale yalitoka Hadhramaut, na yanasomwa kwa matari. Wanaume wanakaa safu zinazotazamana, vijana wa chuo wenye kanzu nyeupe wanayumba pamoja, kulia, kushoto, na tari linaanza chini sana, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole. Halafu sauti zinapanda. Wanawake tunasikiliza upande wetu, na kuna wakati hakuna anayezungumza na mwenzake kwa muda mrefu. Usiyekuwa Mwislamu uliza mlangoni kwa adabu. Utaelekezwa pa kukaa. Simu iwe mfukoni. Ukiona uchozi unakujia uache utoke.

Sherehe kubwa ya Maulidi huwa Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, mwishoni mwa mwezi, na kwa kalenda ya kawaida hutangulia siku 11 hivi kila mwaka. Kuna zefe za maandamano, ziara, mbio za punda na za mashua, na wageni kutoka pwani yote. Ni jambo la kuonwa mara moja katika maisha, lakini vyumba hujaa na mji haulali. Kama shida yako ni uchovu, njoo mwezi mwingine. Ramadhani vilevile: mchana mikahawa imefunga, na futari ya usiku ni tamu kupita yote niliyoyataja hapa, kwa anayefunga au aliye tayari kula pamoja na wafungao.

Siku ya kuondoka usiipangie kitu. Kata tiketi ya basi siku mbili kabla, mabasi ya Mombasa hutoka Mokowe mapema na boti ya kukuvusha lazima uiagize usiku. Achari nunua jioni ya mwisho, chupa iwe na kifuniko cha kubana, uifunge vizuri kwenye leso, na uibebe miguuni mwako badala ya kwenye buti, kwa sababu mafuta ya achari yakimwagika juu ya mizigo ya watu hakuna abiria atakayekusamehe mpaka Malindi.