Kuziba Ufa kwenye Deraya ya Plastiki

Deraya ya plastiki ya vazi la maigizo ikipasuka, kabla ya kushika gundi, idondoshee asetoni (kiyeyushi cha plastiki) kidogo upande wa ndani. Ikianza kunata, huenda ni ABS, aina ya plastiki ngumu, au jamii yake. Isiponata, huenda ni plastiki ya ndoo, ambayo gundi haiishiki: toboa matundu pembeni mwa ufa, ushone kwa waya mwembamba.

Kwa ABS, toboa tundu la milimita 2 kwenye ncha ya ufa, la sivyo ufa utaendelea kurefuka. Piga msasa namba 120 upande wa ndani, kisha bandika kiraka cha ABS kinachozidi ufa sentimita 2 kila upande, kwa uji wa vipande vya ABS vilivyoyeyushwa kwenye asetoni. Madirisha wazi, jiko mbali! Acha saa 24. Supa gluu peke yake hukauka ngumu mno. Kipande cha paja kikipinda, gluu hiyo inakatika. Na jua la Dar ndani ya gari lililofungwa huweza kuipinda deraya nyembamba.